Manju Aliyeapa Kuniimba

Nyinyi mnaorekodi nyimbo kwa simu mkiwa mmelala kitandani, kisha mnabonyeza mahali zinakwenda kwa watu msiowajua hata sura, mnanitia hofu. Juzi mjukuu wangu kaniambia, "Bibi, nimemtumia rafiki yangu mmoja tu, asikilize." Nikamuuliza, na huyo rafiki yako ana marafiki wangapi? Akacheka. Mimi sikucheka.

Wananiita Mama Kulwa. Nilirekodi sauti za watu chumbani kwangu hapa Bariadi tangu miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu kwa wasafiri, mpaka masikio yangu yalipoanza kuchagua ya kusikia. Kwaya, waganga waliotaka matangazo, mabwana harusi, manju wa ngoma, wote wamepita kwenye mkeka wangu. Basi kabla sijawaambia lolote la kipaza sauti, shikeni hili: mtu akija kwako anatabasamu na kaseti tupu mkononi, mwulize imetoka wapi na inakwenda wapi. Akikasirika, mrudishie kaseti yake.

Hata mashine yenyewe niliitilia shaka. Baba Kulwa aliileta kutoka Mwanza, redio kubwa yenye deki mbili, upande mmoja unacheza na wa pili unanakili. Yeye anashangilia, mimi namuuliza, aliyekuuzia kwa nini yeye haitaki? Akasema, "Mke wangu, wewe hata mvua ikinyesha utauliza nani kaituma." Sawa. Lakini nilikaa nayo siku nzima naisikiliza kabla sijaruhusu watoto waiguse.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Jilala. Alikuwa fundi wa vipaza sauti vya mikutano ya ushirika wa pamba, na alipostaafu akarudi kwao Malampaka, karibu na stesheni ya treni. Alikuja kutusalimia, akaona mashine, akaingia chumbani, akapiga makofi mara moja, akasikiliza. "Mwangaluka, chumba," akasema, maana alikuwa na tabia ya kusalimia vyumba. Kisha akanigeukia. "Hiki chumba kinajibu, mayu. Chumba cha kurekodia hakitakiwi kujibu. Jaza pamba."

Pamba tulikuwa nayo. Tulipanga magunia ya mavuno ukutani mpaka karibu na dari, mkeka chini, blanketi dirishani, na sauti ikawa kavu na safi. Ila wanunuzi binafsi walipoanza kuingia, Baba Kulwa akawa anauza mapema. Nageuka hivi, ukuta wangu umepakiwa kwenye lori! Ndiyo maana nikawa nazijua kaseti zangu kwa masikio: hii nilirekodi pamba ikiwepo, hii pamba ilishaondoka.

Mzee Jilala alinifundisha pia kuvunja kijino. Kaseti mgongoni ina vijino viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja, mashine inakataa kurekodi juu yake. Asiyejua ataihangaikia mpaka achoke. Anayejua ataziba tundu kwa kikaratasi, na mashine itadanganyika. Mimi nilivunja vijino vya kila kaseti iliyotoka kwangu. Wateja wakaniona mkorofi.

Makosa niliyafanya, msidhani nilizaliwa na ujuzi. Katekista mmoja mwenye sauti nzito kama ngoma kubwa nilimrekodi betri zikiwa zinakufa, sijui. Betri ikichoka, mkanda unatembea polepole. Ukiucheza baadaye kwa betri mpya, unakimbia. Jumapili watu wakaenda kusikiliza mahubiri, akatoka mtoto wa chekechea anawaonya juu ya ulevi. Kanisa zima lilikufa kwa kicheko, na katekista alinipita njiani bila salamu mpaka mavuno.

Tena kuna ile kwaya ya kina mama. Ubeti wa pili, pale wanaposhuka taratibu na kila mtu machozi yanamlengalenga, jogoo wangu akapanda dirishani akawika. Tungerudia, lakini ndizo zilikuwa betri za mwisho. Nikanakili hivyo hivyo, kila mwanakwaya akapata yake, na mji mzima ukaiita kaseti ya jogoo. Jogoo tulimla. Kaseti zikabaki.

Sasa niwaambie habari ya Manju Sayi, maana ndiyo iliyokaribia kunimaliza.

Manju ni mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma. Kwetu baada ya mavuno makundi mawili hushindana kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, yanacheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watu ndio wanaamua kwa miguu yao, wakihamia upande unaowanogea, na kundi linalobaki na watu wachache limeshindwa. Silaha kubwa ya manju ni wimbo wa kumkejeli mwenzake. Huutunga kwa siri na kuuficha, maana mpinzani akiusikia mapema atakuja na jibu, na wimbo uliojibiwa ni chakula kilichopoa.

Mwaka huo Sayi alikuwa ashindane na kundi la Malampaka. Kampuni moja ya kununua pamba, katika kutafuta kupendwa na wakulima, iliahidi kuleta kipaza sauti na spika za honi uwanjani. Hakuna manju wa kwetu aliyewahi kuimba na kitu hicho. Basi Sayi akaja kwangu na mawazo mawili: ajifunze kipaza, na wimbo urekodiwe kabla, ili akishinda tu, kaseti zinakiliwe watu waondoke nazo.

Alikuja mchana na fimbo yake na kofia ya manyoya. Hakukaa. Alizunguka chumba, akachungulia nyuma ya magunia, akaniambia nifungue redio aone ndani.

"Unatafuta nini, baba?"

"Dawa," akasema. "Watu wa Malampaka wana mikono mirefu. Na huyo mwalimu wako wa vipaza ni mtu wa wapi?"

"Wa Malampaka."

"Ahaa."

Hiyo "ahaa" ilinikera, lakini kwa haki ya Mungu nami nilikuwa nimeshalifikiria hilo. Nilifungua redio, akaona nyaya, akaridhika nusu.

Nikachukua kaseti ya zamani ya kujaribia, nikaziba tundu la kijino kwa kikaratasi yeye akitazama, akaanza kuimba. Jamani! Mtu aliyezoea uwanja hawezi kusimama. Anatembea, anageuka, anainama, anakipa kipaza cha redio kisogo. Nilipomshika mabega nikamweka mbele yake, akakimeza. Nikicheza, maneno yanatoka kama mtu anayepigwa makofi mdomoni, pu, pu, bu. Na akipiga ule ukelele wa manju wa kuamsha wachezaji, mashine inakwaruza.

"Redio yako mbovu," akasema.

Nikawasha kibatari, nikakiweka usawa wa midomo yake, mbali kiasi cha shubiri. "Imba. Moto usizimike."

Akaimba, moto ukazimika kwenye neno la kwanza. Nikawasha tena. Ukazimika. Akaanza kuona. Upepo wa herufi kama pe na be ndio unaopiga kipaza, wala si sauti. Nikamfundisha kugeuza mdomo kidogo tu pembeni, upepo upite shavuni mwa kipaza, sauti iingie. Nikamwonyesha shubiri, kidole gumba kidevuni, kidole kidogo kwenye kipaza. Ukitaka kunong'ona, sogea. Ukitaka kupiga ukelele, rudi hatua nyuma kabla ya kupiga, wala usisubiri uwe umeshapiga. Na uwanjani usikielekeze kwenye spika, kitapiga mluzi mpaka ng'ombe wakimbie.

Haya mambo mnayahitaji hata leo kwenye simu zenu. Nawasikia mnavyopulizia.

Sayi alinitazama kwa jicho la pembeni. "Kila manju anataka sauti yake ifike mbali. Wewe unanirudisha nyuma. Nani kakutuma?"

"Rudi nyuma uimbe, baba. Kisha usikilize. Ukiona nimekuibia sauti, nipige na fimbo hiyo."

Aliimba, akasikiliza. Alikaa kwenye gunia la pamba. Akaniomba nicheze tena, kisha tena. "Huyu ni mimi?" akauliza, na kwa mara ya kwanza akavua kofia.

Wimbo ulikuwa mkali. Ulimvua nguo manju wa Malampaka kwa mambo ya ng'ombe na ya mama mkwe wake, na sitayarudia hapa. Nilivunja kijino mbele yake nikampa kaseti. Yeye alikuwa anaangalia deki mbili. "Moja inakula," akasema, "nyingine inatapika. Nitajuaje kwamba hujabaki na nakala?"

"Hutajua. Utaniamini."

Wote wawili tulijua hilo neno halina uzito chumbani mle. Akaondoka.

Mashindano yalipokaribia, akarudi. Hakubisha hodi. Alikuwa na watu wake wawili nyuma, na uso umemvimba kwa hasira.

"Malampaka wanauimba wimbo wangu," akasema. "Wanauimba wakicheka. Wameshatunga jibu. Mpaka mahali ninapopiga ukelele wanapajua."

"Siyo mimi."

"Nani mwingine mwenye deki mbili? Nani mwalimu wake anakaa stesheni ya Malampaka?" Akanyanyua fimbo, hakunipiga, akanielekezea tu. "Sitakupeleka polisi, mayu. Nitakuimba."

Vijana, nyinyi mnatukanwa mtandaoni asubuhi, jioni mmesahau. Kuimbwa na manju ni jambo jingine. Kijijini nilikozaliwa kulikuwa na mzee aliyeimbwa kwa sababu alimnyima mgeni maziwa. Mzee alikufa, watoto wake wakazeeka, na hadi leo wajukuu zake wakienda kisimani wanaitwa "wale wa maziwa". Na mimi nilikuwa na Kulwa, binti yangu, ambaye watu wa Mwanhuzi walikuwa wameshaleta posa. Nani ataoa kwa mwizi wa nyimbo? Kazi ningeipoteza, hilo ningevumilia. Lakini Kulwa kulibeba jina hilo mpaka kwa wajukuu zake, hapana. Nililia siku ile, sifichi.

Nilipomaliza kulia nikaanza kumshuku kila mtu. Nilianza na mume wangu.

"Ulipeleka pamba Malampaka wiki ile," nikamwambia. "Ulibeba nini kingine?"

"Nilibeba njaa," akasema Baba Kulwa. "Hukunifungia hata michembe." Kisha akaona sifanyi mzaha, akaumia. Nikamtumia Mzee Jilala ujumbe kwa kondakta wa basi, nikimuuliza maswali ambayo mtu hamuulizi mwalimu wake. Alijibu kwa kondakta yule yule: "Mwambie vizuri, mtu akikushuku wewe kwa sababu ya mashine, usimshuku mwingine kwa sababu ya stesheni. Itafute kaseti." Nilikasirika. Halafu nikaitafuta kaseti.

Abdala alikuwa na duka la redio pale stendi, mtu ambaye wazee wake walitokea Tabora, mpole, mdomo mzito. Nilimuuliza kama amesikia lolote. Akapangusa redio iliyokuwa safi tayari.

"Mama, mimi na ngoma zenu sitaki kesi."

"Abdala. Wataniimba."

Akaacha kupangusa. Alikuwa ameishi Bariadi vya kutosha kujua hilo maana yake. Akasema kijana mmoja kutoka Malampaka alikuja kununua redio, akaijaribu kwa kaseti yake, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Sayi. "Nikampa kaseti mpya mbili, nikabaki na yake. Niliona hiki kitu kitamtafuta mwenyewe." Akaitoa chini ya meza.

Nilifika nayo nyumbani nikafunga mlango. Kwanza nikaitazama mgongo. Kijino kimevunjwa, na tundu limezibwa kwa kikaratasi kilichokunjwa vizuri. Moyo ukanipasuka, maana hiyo ni kazi ya mtu aliyeniona nikifanya.

Nikaicheza. Chumba kinajibu. Hakuna gunia hata moja mle ndani! Hii haikurekodiwa kwangu, wala si nakala ya kaseti yangu. Nikaendelea kusikiliza. Zile pe na be zimepita laini, hakuna pu. Anapokaribia ukelele, sauti inasogea nyuma kidogo, halafu ndipo anapiga. Mtu aliyekuwa akimeza kipaza mwezi mmoja nyuma sasa anasimama shubiri moja, anageuza mdomo, anarudi hatua. Sikujua nicheke au nitukane. Alikuwa mwanafunzi wangu anafanya mazoezi.

Wimbo ukaisha. Kukawa na mkwaruzo mfupi, kisha ghafla kina mama wanaimba katikati ya ubeti wa pili, wanashuka taratibu, na jogoo wangu akawika.

Nilizima redio. Kaseti ya jogoo walikuwa nayo wanakwaya peke yao. Na Minza, mke wa Sayi, alikuwa sauti ya kwanza.

Sikwenda kupiga kelele sokoni, ingawa ulimi uliniwasha. Nilibeba redio kichwani nikaenda kwa Sayi. Minza alikuwa anaanika mtama. Nikamwomba aingie, na Sayi aingie, wale vijana wake wabaki nje. Sayi alikaa na fimbo yake magotini. Nikaicheza kaseti.

Sayi alisikiliza wimbo wake akinikazia macho kama hakimu. Kisha kina mama wakaingia, na jogoo.

Minza akashika mdomo. "Hee! Kaseti yangu hiyo! Ile niliyomwazima dada yangu!"

"Dada yako yupo wapi?" nikauliza, japo nilijua.

"Ameolewa Malampaka."

Sayi akaitazama redio ndogo ya mkewe pale juu ya kabati, akatazama kaseti.

"Nilijifunza kwayo," akasema polepole. "Ile shubiri. Niliweka kikaratasi kama ulivyofanya. Lakini nilipomaliza niliurudisha mkanda wote mpaka mwanzo. Niliona kwa macho yangu, mkanda wote umerudi upande wa kwanza. Nikajua maneno yametoka."

Alidhani kuurudisha mkanda ni kuyafuta, kama mtu anayefumua mkeka akabaki na majani matupu. Minza akaangua kicheko, akajikaza, kikamtoka tena puani. Mimi nilisubiri. Nilitaka neno moja tu kutoka kwa Sayi, "nimekosa", au hata "wabeja, mayu", asante, mama. Hakulisema. Alisimama, akachukua kofia yake.

"Nimesikia," akasema, na akatoka.

Nimesikia! Mtu anakuambia atakuzika, unamwonyesha koleo ni lake, anasema amesikia. Minza alinisindikiza mpaka njiani akiniomba nisimseme mumewe. Nikamwambia mimi sisemi, lakini mumewe ndiye mwenye mdomo wa uwanjani. Manju hapendi kuchekwa. Kuniimba mimi ingekuwa rahisi kuliko kukubali, na nani angenisikiliza mimi na ushahidi wa jogoo?

Siku ya mashindano nilikwenda na redio yangu na betri mpya nilizozijaribu mwenyewe. Baba Kulwa alisimama upande wangu mmoja, Kulwa upande wa pili. Hata watu wa Mwanhuzi walikuwepo, nikawaona na kanzu zao wakitafuta kivuli. Malampaka walianza vizuri sana. Manju wao alijibu wimbo wa Sayi kabla Sayi hajafungua mdomo, neno kwa neno, kwa mama mkwe na kwa ng'ombe, na watu wakawa wanavuka upande wao kwa makundi, wameshika mbavu.

Sayi akaenda kwenye kipaza. Hakukimeza. Alipima shubiri yake, akageuza mdomo, akaimba jina langu.

"Mama Kulwa," akaimba. Spika za honi zikalitupa jina mpaka barabarani. Wale waliokuwa wakivuka wakasimama. Wote wakanigeukia. Kulwa akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma.

Aliimba kwa Kisukuma, nawapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Mama Kulwa alifunga mlango, mwizi akapita. Alivunja kijino, mwizi akaweka kikaratasi. Ninamtafuta mwizi wa wimbo wangu, amevaa kofia yangu. Ninamtafuta, ameshika fimbo yangu. Anamlaza mke wangu kitandani mwangu. Mwulizeni jogoo jina lake."

Akarudi hatua moja nyuma. Kabla, siyo baada. Kisha akapiga ukelele: "Ni Sayi!"

Uwanja ulilipuka. Hakuna aliyewahi kusikia manju akijikejeli mwenyewe. Watu wa Malampaka hawakuwa na jibu, utamjibu nini mtu aliyeshajimaliza? Watu wakarudi, wakaongezeka, hata wachezaji wa upande wa pili walikuwa wananyoosha shingo. Baba Kulwa alikuwa anacheka na kulia. Minza alikuwa anawika kama jogoo, na wanawake wote nyuma yake wanaitikia kwa kuwika.

Kulwa aliolewa Mwanhuzi. Siku ya harusi walimpokea kwa wimbo ule, na mpaka leo huko kwao wananiita mama aliyefunga mlango. Sayi hakuniomba msamaha hata mara moja, mpaka tulipomzika. Nami sikumwamini na kaseti hata mara moja, na tuliheshimiana sana.

Nilirekodi siku ile. Kaseti ninayo, kijino nilikivunja nikiwa bado uwanjani. Mjukuu wangu anataka aiweke kwenye simu, awatumie marafiki zake. Nimemwambia awalete hapa nyumbani, waisikilize wote pamoja, nitawapikia. Simu zao wataniachia mlangoni.